Vitu Anavyovipenda Mama wa Jumuiya

Kwenye sebule nyingi za Wakatoliki, kuanzia Bukoba hadi Mbagala, kuna ukuta mmoja ambao mama mwenye nyumba hataki mtu auchezee. Msalaba uko juu. Chini yake pana picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, pengine na ya Bikira Maria, na nyuma ya msalaba limechomekwa tawi la mtende lililokauka tangu Jumapili ya Matawi. Pembeni inaning'inia kalenda ya jimbo, ile yenye picha ya askofu na rangi za liturjia: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, nyekundu ya mashahidi, kijani cha Jumapili za kawaida. Juu ya rangi hizo mama ameongeza maandishi yake kwa kalamu ya wino: zamu ya jumuiya kusali kwake, tarehe ya mwisho ya ada, kliniki ya mtoto, kipaimara cha mpwa wake.

Kalenda hiyo ni kitu cha kwanza katika orodha ya vitu anavyovipenda mama Mkatoliki wa leo. Kwake, ada na Majilio ni mambo ya mwaka mmoja, na yanakaa kwenye karatasi moja.

Orodha yenyewe si ya gharama. Ina rozari, redio, kitenge, vitabu viwili vitatu, simu yenye kundi la jumuiya na sufuria kubwa linalozunguka kwa majirani. Lakini kila kilichomo kina sifa moja: kinamleta mtu mwingine karibu. Rozari inawaita watoto kwenye mkeka. Jumuiya inamwingiza jirani mlangoni. Kitenge kinamtambulisha mama kwa mwanamke asiyemfahamu, katika kituo cha basi cha mkoa wa mbali. Hata sala ya marehemu inamrudisha babu kwenye mazungumzo ya chakula cha jioni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, uliifananisha familia na kanisa la nyumbani. Miaka thelathini baadaye, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikutana Roma mwaka 1994, na mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo II akatoa hati ya Ecclesia in Africa, iliyolitazama Kanisa la bara hili kama Familia ya Mungu. Hayo ni mawazo makubwa. Wanaoyatekeleza kila siku, kwa ufagio, kiberiti na sauti ya kuwaamsha watoto, ni akina mama.

Jumamosi alfajiri

Jijini Dar es Salaam jumuiya nyingi husali Jumamosi, saa 12 au saa 12 na nusu asubuhi, ili wenye biashara wafungue maduka na wanafunzi wawahi masomo ya ziada. Mwenye zamu huamka mapema zaidi. Uwanja umefagiliwa, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, mkeka umetandikwa kwa ajili ya watoto, na kwenye stuli iliyofunikwa kitambaa cheupe umewekwa msalaba na mshumaa. Wanajumuiya wanaingia mmoja mmoja wakisalimu, “Tumsifu Yesu Kristo!” na waliotangulia wanaitikia, “Milele, amina!” Injili inayosomwa ni ya Misa ya kesho yake. Mara nyingi anayepewa kuisoma ni mtoto wa nyumba hiyo, na mama anasimama nyuma akimfuata kimoyomoyo neno kwa neno.

Utaratibu huu ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Mkutano wao wa mwaka 1976, pia Nairobi, ukaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Parokia yenye maelfu ya waamini ilikuwa kubwa mno kwa mtu kujulikana kwa jina. Jumuiya ya mtaani ni kitu kingine: mtu akikosekana wiki mbili, ya tatu anaulizwa.

Ndiyo maana leo mambo mengi ya parokia yanaanzia hapo. Mtoto wa kubatizwa, wachumba wa kufunga ndoa, mgonjwa wa kupelekewa Komunyo, wote habari zao hupitia kwa mwenyekiti na katibu wa jumuiya. Kwa mama aliyehamia mtaa mpya, bila dada wala shangazi karibu, jumuiya ni ndugu wa haraka. Akijifungua, wanawake wanakuja na unga, mchele na sabuni. Akifiwa, hana haja ya kutafuta nani atasimama jikoni: turubai linafungwa, masufuria yanafika, kuni zinapasuliwa, na jioni rozari inasaliwa msibani kwa sauti za watu anaowajua.

Siku hizi jumuiya inaendelea hadi kwenye simu. Katika kundi la WhatsApp mhazina anaweka majina ya waliochangia, katibu anatangaza nyumba ya wiki ijayo, na mama mmoja anatuma picha ya mtoto mwenye homa akiomba asaliwe. Dakika chache baadaye mwenzake anayejua muuguzi wa zahanati ya jirani anatuma namba. Akina mama wanaipenda simu kwa sababu hiyo, ingawa siku ya michango simu hiyo hiyo huwa na kelele nyingi.

Matendo matano, sauti tano

Tarehe 27 Novemba 2015, katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Papa Fransisko aliwaonyesha vijana vitu viwili alivyosema anatembea navyo daima mfukoni: rozari, na Njia ya Msalaba ndogo iliyo mfano wa kijitabu. Akina mama waliokuwa wakitazama kwenye runinga hawakushangaa. Rozari imo kwenye mikoba yao miaka yote, pamoja na funguo, nauli ya daladala na leso ya mtoto.

Kinachowavutia ni kwamba rozari inagawika. Ina matendo matano, na kila tendo lina Salamu Maria kumi. Nyumba yenye watoto watatu, baba na mama inapata kiongozi mmoja kwa kila tendo. Mtoto wa darasa la kwanza anahesabu punje kwa vidole akiogopa kupitiliza. Kaka yake anaharakisha ili wamalize, na mama anamrudisha kwenye mwendo kwa kupandisha sauti ya kiitikio. Ratiba ya matendo nayo inawafundisha siku za juma: Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, Uchungu ni Jumanne na Ijumaa, Utukufu ni Jumatano na Jumapili. Alhamisi ni ya Matendo ya Mwanga, yaliyopendekezwa na Papa Yohane Paulo II Oktoba 2002. Bibi aliyezoea rozari ya zamani hujifunza matendo hayo kwa wajukuu zake, waliofundishwa na katekista.

Oktoba ndio mwezi wenyewe. Papa Leo XIII aliuweka wakfu kwa Rozari mwaka 1883, na mpaka leo katika mitaa mingi sanamu ya Bikira Maria hutembezwa nyumba kwa nyumba mwezi huo. Inalala kwa familia moja, kesho yake inasindikizwa kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Mama ambaye sanamu italala kwake hupanga maua kwenye chupa, huazima kitambaa kizuri cha meza na kuwaogesha watoto mapema. Mei, mwezi mwingine wa Mama Maria, mambo hayo yanajirudia.

Kuna rozari nyingine ambayo watoto wa Utoto Mtakatifu wanaipenda zaidi: ya kimisionari, yenye rangi tano, iliyobuniwa na Askofu Fulton Sheen wa Marekani mwaka 1951. Kijani ni Afrika, nyekundu ni Amerika, nyeupe ni Ulaya, buluu ni Oseania, njano ni Asia. Shirika la Utoto Mtakatifu lenyewe lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka zao ndogo. Mtoto anayezunguka punje hizo anasali na kusoma jiografia kwa wakati mmoja. Anajua kwamba punje za njano zinamhusu mtoto wa Ufilipino au wa India asiyemwona, na huuliza maswali ambayo mama hulazimika kwenda kuyatafutia majibu.

Redio juu ya kabati

Asubuhi, chai ikichemka, sauti inayosikika katika nyumba nyingi ni ya redio. Radio Maria Tanzania ilianzia Songea mwaka 1996, na leo masafa yake yanasikika katika mikoa mingi. Inarusha Misa, rozari, masifu, katekesi na salamu za wasikilizaji. Wakazi wa Dar es Salaam wanayo pia Radio Tumaini ya Jimbo Kuu. Mama anayeuza genge, mama aliyelazwa, mama anayenyonyesha usiku wa manane, wote wanasali pamoja na watu wasioonana nao. Kwa mzee asiyeweza tena kupanda kilima kwenda kigangoni, redio hiyo ni Misa yake ya kila siku.

Na redio inaleta kwaya. Tanzania ina utajiri wa muziki wa Kikatoliki ambao hautangazwi vya kutosha. Padri Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu, mojawapo ya kazi za mwanzo zilizoonyesha kwamba Misa ya Kiswahili inaweza kuimbwa kwa mahadhi ya Kiafrika. Hati ya Mtaguso kuhusu Liturjia, ya tarehe 4 Desemba 1963, ikafungua mlango kwa lugha na muziki wa watu wenyewe, na vizazi vya watunzi vikafuata. Nyimbo za Padri Gregory Kayetta, John Mgandu na Bernard Mukasa zinaimbwa kutoka Kigoma hadi Mombasa. Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi, Dar es Salaam, ina wapenzi hata miongoni mwa watu wasio Wakatoliki.

Mama mwanakwaya hafurahii wimbo kwa kuusikiliza tu. Ana sauti yake ya kujifunza. Jioni anafika mazoezini na mtoto mgongoni, mwalimu anasolfa, na alto wanarudia mstari mmoja mpaka ukae. Zamani nota zilinakiliwa kwa mkono na kusafirishwa kwa basi kutoka parokia moja hadi nyingine. Sasa kuna tovuti ya Swahili Music Notes, ambako nota za nyimbo nyingi za Kikatoliki zinapatikana, na mama anaweza kuifungua kwenye simu huku akikoroga uji. Wanawe wanakua wakizijua sauti zote nne kabla hawajajua kusoma.

Sare inayofungua mazungumzo

Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, ulianza mwaka 1972. Mwaka 2022 ulipotimiza miaka 50, wanawake walimiminika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, kutoka majimbo ya nchi nzima. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni Mwislamu, alikuwa nao. Wengi walisafiri usiku kucha kwa mabasi ya kukodi, wakiimba, na vyakula wakiwa wamevifunga wenyewe.

Sare ya kitenge ya siku kama hizo haiishii kabatini. Inavaliwa Jumapili ya wanawake, kwenye hija ya Pugu, kwenye upadrisho wa kijana wa kigango, kwenye mazishi ya mwanachama. Kila kitenge kinabeba mwaka wake: kile cha jubilei ya jimbo, kile cha jubilei ya upadre ya paroko wa zamani, kile kilichonunuliwa kwa kudunduliza. Mama akipita stendi ya Msamvu amevaa kitenge hicho, atakuja mwanamke mwingine amwambie, “Mama, unatoka jimbo gani?” Safari inaanza na mtu wa kuzungumza naye.

WAWATA ni zaidi ya sare. Katika parokia nyingi, kikundi kilichoanza na sala kimezaa kikoba, mradi wa kuku, mafunzo ya ushonaji au zamu ya kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Mwanamke ambaye hajawahi kushika kipaza sauti popote pengine hujifunza hapo kuongoza kikao, kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na kumwambia mwenzake kwa heshima kwamba hesabu haijakaa sawa. Ujuzi huo anarudi nao nyumbani, na unafika hadi kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Vitabu viwili kwenye rafu

Nyumba ambayo haina maktaba bado ina Misale ya Waumini. Ni kitabu kinene, kurasa zake zimelainika kwa kushikwa, na katikati yake zimo picha za kumbukumbu: kadi ya mazishi ya bibi, picha ya Komunyo ya Kwanza, ua lililokaushwa. Jumamosi usiku mama hukifungua kutazama masomo ya kesho, hasa kama yeye ndiye atakayesoma somo la pili. Kuna programu za simu zenye masomo hayo hayo, na vijana wanazitumia. Lakini Misale inabaki mezani, na mtu yeyote nyumbani anaweza kuifungua bila kuuliza salio la data.

Kitabu cha pili kinastahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana na ambaye alipokuwa Rais alijulikana kwa kuhudhuria Misa, aliwahi kuwatafsiria Waswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Baada ya kustaafu alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili. Zilichapishwa mwaka 1996 na wachapaji wa Kibenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mama anayetaka wanawe wazijue habari za Yesu na wakati huo huo wajue mizani na vina hana haja ya kutafuta mbali. Utenzi husomwa kwa sauti na husikika vizuri ukiimbwa. Mtoto anayegoma kusoma sura nzima ya Luka hukubali kuimba beti kumi. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Watoto wanaomjua kwa sura yake kwenye noti ya shilingi elfu moja wanapaswa pia kumjua kama mtu aliyekaa na Biblia na kalamu akipima mizani.

Watakatifu wa kusimulia

Mama Mkatoliki ana hazina nyingine isiyoshikika: hadithi za watakatifu. Kila mwanawe ana somo wake, na siku ya somo huyo hata chapati mbili za ziada zinatosha kuwa sherehe. Mtakatifu Kizito, mdogo kuliko wote miongoni mwa Mashahidi wa Uganda, alikuwa na umri wa miaka ipatayo 14 alipouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta wa Kongo, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na akatangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Wasichana wengi wa Afrika Mashariki wanalo jina lake.

Lakini mwaka 2025 uliwapa akina mama simulizi mbili mpya, nazo zinajibu maswali ya leo.

Ya kwanza ni ya Carlo Acutis. Alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, Italia, na akafariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Alivaa jinzi, alipenda kompyuta, na alitengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Mama anayegombana na mwanawe kuhusu simu kila jioni anapata mfano wa kuzungumza naye: kijana huyu aliitumia teknolojia, na inasimuliwa kwamba alijiwekea mwenyewe kikomo cha muda wa michezo ya video. Mazungumzo yanabadilika. Badala ya “weka simu chini,” linakuja swali la kile ambacho kijana anaweza kukitengeneza kwa simu hiyo.

Ya pili inatoka Goma, mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, mwenye marafiki wengi kati ya watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya kumtaka apitishe mchele ulioharibika, kwa kuwa ungewadhuru watakaoula. Alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma.

Simulizi hii inafaa kusimuliwa katika kila nyumba ya ukanda huu. Floribert hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mtumishi wa umma mwenye mshahara, mchumba na mipango ya maisha, na alikufa kwa sababu ya magunia ya mchele. Mtoto anayeona watu wakitoa “chai” barabarani anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Mama akichambua mchele wa Jumapili, ana nafasi ya kumweleza kwamba kuna mtu aliyetoa uhai wake ili jirani asile chakula kibovu.

Jikoni na kwenye mnada

Imani ya mama ina ladha zake. Kwaresima inabadilisha sufuria: Ijumaa hakuna nyama, yanapikwa maharage, mchicha au dagaa wa Kigoma. Sheria ya Kanisa inataka mtu ajinyime nyama kuanzia miaka 14, na afunge, kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi atimize 59. Wadogo hawafungwi na sheria hiyo, lakini wanaona. Jioni familia inafuata Njia ya Msalaba, vituo 14, kisha inarudi kwenye mlo mwepesi. Katika nyumba nyingi fedha ya nyama iliyoachwa inaingizwa kwenye bahasha ya Kwaresima kwa ajili ya wahitaji, na mtoto anayeiingiza kwa mkono wake anaelewa mfungo kuliko anayehubiriwa.

Ndipo inafika Pasaka, na pilau. Katika nyumba za Pwani pilau hilo halibaki la Wakristo peke yao. Sahani zinafunikwa kwa kawa na kupelekwa kwa jirani Mwislamu, na siku ya Idi sahani zinarudi zimejaa. Akina mama ndio wanaolinda desturi hiyo, na wanastahili sifa kubwa, kwa sababu amani ya mtaa inaanzia kwenye sahani hizo.

Jumapili za kawaida zina furaha yake. Baada ya Misa WAWATA wanauza chai, maandazi na supu kuchangia ujenzi. Halafu unafuata mnada. Waamini wameleta matoleo yao altareni: mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, mchele, maboga, mbuzi siku ya mavuno. Baada ya baraka vitu hivyo vinauzwa nje ya kanisa. Mnadishaji anamnyanyua jogoo juu, bei inapanda, wazee wawili wanashindana kwa fahari, na mama aliyekuja na elfu kumi yake anasubiri maboga. Akiyapata, ameshalisaidia Kanisa na amepata mboga ya siku mbili.

Kiti cha mama

Kitu kimoja hakimo kwenye orodha hii, na inafaa kukisema wazi: muda wa kuketi. Mama aliyefagia uwanja kwa ajili ya jumuiya Jumamosi ndiye aliyepiga pasi nguo za watumikiaji usiku, akawaamsha watoto kwa Misa ya kwanza, akaimba alto, akauza maandazi, na sasa anawasha jiko wakati wengine wanatazama mpira. Wengi wa wanaojaza viti vya jumuiya ni wanawake, na hilo linajulikana na kila katibu anayeandika mahudhurio. Mama akipenda vitu hivi haina maana kwamba avibebe peke yake.

Kanisa lina chombo cha kulirekebisha jambo hilo. Umoja wa Wanaume Wakatoliki, UWAKA, upo parokiani, na baba akiongoza tendo la kwanza la rozari mara moja kwa juma, watoto wa kiume watajua kwamba sala si kazi ya kike. Zamu ya jumuiya ikifika nyumbani, viti anaweza kuviazima yeye. Siku ya msiba wanaume hufunga turubai na kupasua kuni bila kuombwa. Mikono hiyo hiyo inaweza kuosha masufuria.

Misa ya pili katika parokia nyingi huisha kabla ya saa tano. Kutoka hapo hadi chakula cha mchana kuna kazi za kugawana: mmoja akate vitunguu, mmoja achambue mchele, mmoja aoshe vyombo vya asubuhi, baba asimamie moto. Mama akiwa amekaa sebuleni na Misale yake, au akiwa amelala tu, chakula kitaiva. Jumapili ijayo inafaa kuwa ya kwanza.